Msiba wa Mvule

Kikao cha Dharura cha Kamati ya Kudumu ya Kivuli. Ajenda pekee: Kuondolewa kwa Mti Uliokoma Kutekeleza Wajibu Wake.

Ndivyo ilivyotangazwa. Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiendesha mambo yao kwa vikao, jambo dogo lilipewa jina refu ili lisionekane dogo. Jambo lenyewe lilikuwa hili: Mzee Tembo, mwenyekiti, alikuwa amechomwa na jua mgongoni.

Miaka yote kamati ilikaa chini ya mvule mmoja ukingoni mwa msitu, mrefu hata ukiutazama shingo inauma. Kiangazi hicho majani yakaanguka, pukupuku, mpaka matawi yakabaki mifupa mitupu. Katibu Nyati, ambaye hakuwahi kutazama mti wowote kupita usawa wa pembe zake, alisimama akasema kanuni ziko wazi: mti ni kitu chenye kivuli. Kisicho na kivuli si mti, na kama zamani kilikuwa mti, basi kimekufa. Mwenyekiti atausukuma Ijumaa.

Sasa, ndani ya tundu la shina lile aliishi Bi Tunu, perere, mnyama mdogo asiye na mkia, mnene kama mto wa kulalia. Wanawe wawili walikuwa wamezaliwa juzi tu, hawajajua kushuka. Mvule ukianguka, wangeanguka nao.

Alitelemka mbio. Perere na tembo ni ndugu wa damu, ingawa ukiwasimamisha pamoja hakuna atakayeamini, na kwa hiyo alimwita mwenyekiti mjomba. Akamweleza kwamba huu ni mvule, na mvule hupukutisha majani wakati wa ukame mkali kama mtu anavyovua koti jua likipanda. Tembo akakiri kwamba siku zote alidhani anakaa chini ya mkuyu. Nyati akasema aina ya mti haimo kwenye ajenda.

Bi Tunu akainua mguu wa nyuma, wenye ule ukucha mmoja mrefu ambao perere huchania manyoya, akakwaruza kijitawi kilichoinama. Kwaru, kwaru. Gome la kijivu likabanduka kidogo. Chini yake palikuwa na kijani kibichi, chenye unyevu, na tone moja la utomvu mweupe kama maziwa likachungulia nje.

Hata yeye, aliyezaliwa ndani ya mti ule, alisogeza pua karibu atazame tena. Mlima mzima wa mti, mkavu kama kuni, na kumbe umejifunika uhai wake mwilini kote, mwembamba kama ngozi ya kitunguu.

"Mjomba," akasema, "yu hai."

Tembo aliinama kutazama, na macho yake madogo yakalainika. Lakini Nyati akauliza kama kijani hicho kinaweza kumkinga mwenyekiti na jua. Hakiwezi. Basi, ajenda imefungwa.

Bi Tunu akauzunguka mti akiwaza. Ulikuwa hai, lakini haukuwa mzima. Matawi mengine ya juu aliyakwaruza yakatoka kahawia. Ardhi chini ilikuwa imekandamizwa na kwato za wajumbe hata ikawa kama sakafu. Mvua ya mwisho iliteleza juu yake ikaenda zake, na mizizi ilikuwa ikikosa pumzi. Kamati ndiyo iliyokuwa ikiuua mti wake yenyewe. Lakini nani ataiambia kamati hivyo?

Alirudi amejitanda jani kubwa kichwani, analia.

"Katibu, ni kweli amefariki. Nilikuwa nakataa kwa uchungu tu. Maziko lini?"

Nyati akauliza maziko ya nani.

"Ya marehemu! Au mtamsukuma hivihivi kama mzigo wa kuni, hajaoshwa, hajakaliwa tanga? Haya. Watani wakija, mtajibu nyie."

Hapo alipagusa. Nyati hakuogopa simba, aliogopa watani. Babake alipozikwa, kima walikuja msibani kwa haki yao ya utani, wakaigiza mwendo wa marehemu kaburini, na mpaka leo kuna waliokuwapo wanaocheka. Akauliza kwa sauti ya chini utaratibu ukoje. Hilo lilikuwa kosa lake, kwa sababu aliyeulizwa alikuwa na jibu.

Bi Tunu akaeleza kwamba marehemu hasukumwi kabla ya arobaini, na kwamba waombolezaji hukaa nje, mbali, kupita pale ncha za matawi zinapokoma, na asiyekaa huko amemkanyaga maiti. Ngiri watailegeza ardhi, lakini juujuu, wasikate hata mzizi mmoja, maana hizo ni nywele zake. Miti huoshwa miguu tu, polepole, mpaka maji yazame. Kisha huvikwa sanda ya majani yake mwenyewe makavu, ila pale shina linapoingia ardhini paachwe wazi.

"Kwa nini paachwe?" Tembo akauliza.

"Hiyo ni shingo, mjomba. Wewe ungependa ufunikwe shingo ukiwa umelala?"

Msiba ukaanza. Kima walikuja, wakapewa kazi ya kumnyoa marehemu matawi yaliyokufa, nao wakanyoa huku wakimuuliza Nyati urithi umegawanywaje. Tembo alibeba maji kutoka mtoni, mkonga baada ya mkonga. Shwaa. Tembo husikia kwa nyayo, na siku ile alisimama akihisi maji yakishuka, yakishuka, mahali ambapo hakujua kwamba kuna mahali.

Ilipofika arobaini, walikuja kuanua tanga na kusukuma.

Hakuna aliyesukuma. Juu kote kulikuwa na majani machanga, maelfu kwa maelfu, na jua likipita ndani yake hewa yote ilikuwa ya kijani. Nyati aliinua macho, yakapita usawa wa pembe, yakapanda, yakazidi kupanda, mpaka akakaa kitako, pu! Wala hakuna mtani aliyecheka.

Tembo akamvuta Bi Tunu pembeni.

"Mpwa wangu, ulijua."

"Nilijua, mjomba."

"Sasa si ungetuambia tu tumtibu?"

"Mngemtibu?"

Tembo akafikiri, kwa kuwa alikuwa mkweli. "Tungeunda kamati ndogo," akasema.

Nyati alipoinuka alitangaza kwamba Kamati ya Kudumu ya Kivuli imefanikiwa kumfufua marehemu, na akajipongeza.

Nanyi wanangu, shikeni hili: msiseme kitu kimekufa kwa sababu kimeacha kuwafaa.

Mvule haukufa, wala haukufufuka. Ulikuwa na kiu.