Jina Alilopewa Bi Hunayda

Wametusimulia wazee wetu wema, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, ya kwamba katika mji mmoja wa Yemen aliishi mwanamke mchamungu, Bi Atika binti Safwan, mke wa Sheikh Mus'ab. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, na baada ya Alasiri wanawake wa mtaa walikusanyika ukumbini kwake kusomeshwa Kurani. Watu walimsifu kwa ulimi wake: hatukani, halaani, hapazi sauti.

Mola alikuwa amewaruzuku binti mmoja, Rumaysa, mtoto wa miaka minne ambaye maswali yake hayakuwa na mwisho. Siku moja alimwuliza baba yake, "Baba, nikilalia ubavu wa kushoto, yule malaika wa kuandika mabaya si atabanwa?" Sheikh alicheka mpaka kilemba kikamlegea, na mtoto akanuna, kwani alikuwa akimhurumia malaika kwa dhati.

Nyumba ya pili yake aliishi mjane, Bi Hunayda, aliyejipatia riziki kwa kutia nguo rangi. Kicheko chake kilisikika hadi mwisho wa mtaa, na aliimba kazini hata adhana ikimkuta. Mambo hayo yalimkera Bi Atika. Lakini kwa kuwa aliogopa dhambi ya kusengenya, kila alipomtaja jirani yake wakati wa chakula alitanguliza istighfari. "Astaghfirullah, Hunayda leo kaimba tangu asubuhi." "Astaghfirullah, Hunayda sala imempita tena." Sheikh alipomnasihi, alijibu, "Si umesikia nimeomba maghufira kwanza?"

Alhamisi moja, wanawake wakiwa wamekwisha keti, ilipigwa hodi. Rumaysa akakimbia kufungua, kisha akarudi akiita kwa furaha:

"Mama, amekuja Bi Stafirulla!"

Nyuma yake alisimama Bi Hunayda, amejitanda ushungi mpya, mikono ameisugua kwa ndimu kutoa rangi ya kazi hata ngozi imewiva. Wanawake wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Akamwinamia mtoto. "Jina zuri hilo, mwanangu. Nani kanipa?"

"Kwani si jina lako?" Rumaysa akashangaa. "Mama huanza kusema hilo, ndipo aseme Hunayda. Kisha humwambia baba uliyoyafanya."

Mwanafunzi mmoja, akitaka kumsitiri mwalimu wake, akasema, "Ah, watoto hawa! Huota hata mchana."

Bi Atika aliona ameokolewa. Ilibaki atabasamu tu. Lakini Rumaysa alikuwa akimtazama, midomo imeanza kumtetemeka. "Mama, nimeota?"

"La, mwanangu. Hukuota. Umesema kweli."

Akainuka kwenye msala wake, akaenda kuketi chini mbele ya jirani yake. "Nimekusengenya, dada yangu, tena muda mrefu. Nimelitumia jina la Mola wangu kuufunika uovu wangu. Nakuomba uniwie radhi."

"Umenisema nini?" Bi Hunayda aliuliza.

"Kicheko chako. Nyimbo zako. Na kwamba husali."

"Hilo la sala umesema kweli," Bi Hunayda akasema. "Al-Fatiha siijui sawasawa, na nasikia haya kusimama mbele ya Mola nikibabaika. Leo ndiyo nilikuja unifundishe." Akavuta ushungi wake, akatoka.

Jioni ile Rumaysa hakugusa chakula. "Mama, nimekosa?" Bi Atika akampakata. "Wewe hukukosa. Aliyekosa ni mama."

Siku ya pili Bi Atika alikwenda uani kwa jirani yake, akamkuta kwenye mapipa ya rangi. Akatoa salamu, ikaitikiwa kwa sauti ndogo, basi. Akashika upande wa pili wa nguo iliyokuwa ikikamuliwa. Hakuomba tena msamaha, maana alikwisha omba, na kusamehe ni hiari ya aliyedhulumiwa. Kesho yake alirudi, na siku zilizofuata vilevile, wakikamua na kuanika bila maneno, huku nyimbo za uani zikiwa zimekoma, na ukimya huo ukimchoma Bi Atika kuliko zilivyomkera nyimbo.

Hata asubuhi moja, wakiwa wameshika shuka nzito, kila mmoja kwa ncha yake, Bi Hunayda akasema bila kumtazama:

"Haya, mwalimu. Aya ya kwanza inasemwaje?"

Bi Atika akaisoma polepole. Mwenzake akaifuata, akakosea, akacheka kicheko chake kilekile. Bi Atika akamsomea upya.

Ndugu zangu, istighfari ni mlango wa kutokea kwenye dhambi, nasi wakati mwingine huifanya mlango wa kuingilia. Watoto wetu hawajajua tofauti ya maneno yetu ya kwenye msala na yale ya chakulani. Huyachukua yote kuwa ni dini yetu. Basi mtoto akisema neno la kututahayarisha, tusikimbilie kumnyamazisha. Twende kwanza tukamwombe radhi jirani.