Bakora Iliyopiga Chafya Barazani

Alitawala katika mji wa Shamsia sultani aitwaye Ghiyathi bin Numairi, na fahari ya ukoo wake ilikuwa dinari saba za kale, ambazo kila binti wa nyumba ile huolewa kwazo, na pasipo hizo kadhi hafungishi nikahi. Dinari zile zikapotea, na binti yake, Mwana Tufaha, akakaa miaka kumi na mitatu bila mume, hata wachumba wakamchoka, na yeye alikuwa amekwisha kuwachoka.

Na mjini humo alikuwako mchimba visima, Sururu, mtu wa swala tano ila mpenda sifa. Nami simcheki, maana ugonjwa huo ninao. Siku moja akachimbua bakora ya mpingo, na ndani yake mna jini, Kaftarusi, aliyefungwa kumtumikia atakayeishika.

"Nijengee kasri," akaamuru Sururu.

"Bwana wangu, kujenga sijui. Nalifagia hazina ya wafalme miaka mia tisa, na vumbi la fedha likaniharibu pua. Nikipita juu ya sarafu kongwe napiga chafya. Basi."

"Jini mzima, kazi yako chafya?"

"Wenzangu waliobeba makasri leo wote wagonjwa wa mgongo."

Sururu akaipitisha bakora mashambani na magofuni, ikapiga chafya, akachimba, akapata misumari na vipini vya sufuria, na jini akaomba radhi kwamba pua yake imezeeka. Hata mwisho zikatoka sarafu za wafalme waliosahauliwa. Watu wakastaajabu, naye akawaambia, "Ni ilimu ya nyota," na hali hakujua hata Thuria huchomoza upande gani.

Habari zikamfikia Sultani, akamwita, akasema, "Ukizipata dinari zangu kabla ya swala ya Ijumaa, Mwana Tufaha ni mkeo. Usipozipata, shingo yako na kiwiliwili chako vitaagana." Na Sururu, kwa kupenda sifa, akakubali.

Siku sita akalizunguka kasri lote, na bakora kimya. Asubuhi ya Ijumaa akaingia barazani ameishika bakora yake, na Waziri Jubairi, mwenye kilemba kikubwa kuliko vyote mjini, akainama kumcheka. Bakora ikapiga chafya. Watu wakadhani ni Sururu, naye kwa haya akasema, "Alhamdulillahi."

"Yarhamuka-llah," akajibu Sultani.

Ikapiga ya pili na ya tatu, na Sultani, kwa kushika sunna, akaitikia zote. Ilipopiga ya nne, akasema, "Chafya tatu huombewa, ya nne ni mafua. Mtoeni asije akatuambukiza."

"Na kichwa akatwe hukohuko nje, maulana," akasema Waziri, "kina makamasi."

Mwana Tufaha akasema nyuma ya pazia, "Baba, mwulizeni kwanza. Nimengoja miaka kumi na mitatu, sitashindwa kungoja mafua."

Sururu akaona akinyamaza atakufa na sifa zake, na akisema ataishi bila hizo, kama ataishi. Akapiga magoti. "Maulana, nimesema uongo. Nyota sizijui na mafua sina. Anayepiga chafya ni jini wa bakora hii, na hapigi ila kwenye sarafu za kale. Sifa zote nilizokula ni zake."

"Tangu lini fimbo ikawa na pua?" akauliza Waziri, akaisogelea aitazame. Bakora ikapiga chafya kubwa, kilemba kikaruka na kufunguka dhiraa arobaini, na dinari saba zikaviringika sakafuni. Kumbe alizificha ili Mwana Tufaha akate tamaa, akubali kuolewa na mwanawe, kijana wa miaka hamsini.

Sultani akaigeukia bakora. "Yarhamuka-llah," akaiambia.

Sauti ikatoka ndani, nzito kwa machozi. "Miaka mia tisa napiga chafya, maulana. Hakuna aliyewahi kuniombea."

Waziri akafukuzwa yeye na kijana wake, na nikahi ikafungwa baada ya swala, na Sururu akapewa nyumba na mashamba. Na kila aliyemsifu, Sururu alimwelekeza kwa jini wa bakora.

Basi aliyekula sifa ya mwenziwe na amrudishie angali hai. Nami hekaya hii nilipewa na mama mkwe wangu, na miaka mingi nimesema ni yangu. Mungu anisamehe, na mama naye.