Fundo Begani mwa Zimwi

Tegeni masikio, niwape hadithi ya jioni hii. Zimwi lilimmeza mume wa Mwanakheri mkandaji, kisha likamjia likijikokota: "Nikande, mama. Mgongo waniua."

Ni mwiko kwa mkandaji kumfukuza mgonjwa, na ni mwiko kumgusa akiwa na kinyongo. Mwanakheri akapaka mafuta ya nazi, akakanda, zimwi likapiga kelele, "Mikono yako yaunguza!" Akakanda tena, likalia zaidi. Ndipo akatoa la moyoni: "Ulimmeza mume wangu." Mikono ikapoa.

Mara ya tatu vidole vikakuta fundo begani. Alipolibonyeza, likagonga kwa ndani, taratibu, vile mumewe alivyozoea kubisha hodi.

"Hilohilo," zimwi likaguna. "Liyeyushe."

"Karibu, mume wangu," akanong'ona Mwanakheri, na mikono isiyojua kumwacha mgonjwa ikakanda mpaka fundo likayeyuka na hodi ikanyamaza.