Pimbi na Barua ya Tai

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na chuo chao na wasomi wao, Kiboko, mkuu wa chuo, alibandika tangazo mlangoni: "Mwalimu ambaye jina lake halitakuwamo katika barua ya ufadhili ya Tai wa ng'ambo, atatoka chumbani mwake."

Profesa Ndovu akalisoma mara tatu. Mshahara alikuwa nao, wanafunzi alikuwa nao. Fedha za Tai za nini tena? Lakini chumba chake kilijaa maandiko ya miaka thelathini kuhusu chemchemi inayokauka bondeni. Akitolewa, maandiko hayo yataliwa na mchwa.

Basi akaketi kuandika ombi. Akaandika chemchemi; akaifuta. Akaandika mbu, maana ilisemekana Tai anapenda habari za mbu.

Ngo! ngo! ngo! Akaingia Pimbi, mwalimu mdogo kuliko wote, daftari kwapani.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Sema upesi, mwanangu, nina mbu hapa."

"Swali moja tu. Kwa nini unaomba?"

"Kwa kuwa Kiboko amesema! Hapana... kwa ajili ya chemchemi. Lakini mbona nimeandika mbu? Ala! Pimbi, hivi mimi naomba nini?"

"Profesa Nyati anataka cheo. Profesa Fisi anataka safari na posho," Pimbi akasema huku akiandika, kwaru kwaru kwaru. "Ahsante, Profesa. Jibu lako ndilo tamu kuliko yote."

Mwezi ulipoandama, ikaja barua moja tu. Kiboko akaisoma mbele ya wote:

"Ufadhili amepewa Pimbi, kwa utafiti wake: Nini huwasukuma maprofesa kuomba ufadhili? Wanaohojiwa ni Ndovu, Nyati na Fisi."

"Lo!" Nyati akanguruma. "Kadude haka kametula wabichi!"

Kiboko akaigeuza barua juu chini, chini juu. Majina ya walimu wote yalikuwamo. Puuu! Akapumua kwa hasira, akalibandua tangazo lake, akaenda zake.

Ndovu akabaki akipepea masikio. Chumba kipo. Maandiko yapo. Fedha hazipo.

"Pimbi, hebu niambie kweli. Umetuibia, au umetuokoa?"

"Swali zuri hilo, Profesa!" Pimbi akafungua daftari. "Nitaliombea ufadhili."

Nanyi mlionitegea sikio, shikeni hili: asiyejua sababu ya kuomba kwake humwombea mwenzake.