Jembe Kwenye Shina la Uma

Aliyepaka rangi ateremke kwanza. Methali hii ilianza hivi, na mkae vizuri, maana jana mliisikia kwa yule mama aliyemwambia mjenzi wa kivuko avuke yeye kabla ya watoto wa shule, mkacheka mpaka mkashika mbavu. Mlidhani ni kejeli. Haikuanza kwa kicheko, wajukuu zangu. Ilianza kwa mtu mzima aliyeogopa mbele za watu.

Mtu huyo aliitwa Hoza, fundi baiskeli pale Soni, barabara inapoteremka kwenda Mombo. Barabara ile mnaijua. Upande huu mlima, upande ule korongo, na kona zimefuatana kama zinafukuzana. Miaka hiyo vijana waliipenda kwa mashindano ya kuteremka, na baiskeli ikikusaliti pale, habari zako hupelekwa nyumbani na watu wengine.

Siku moja akaja binti anaitwa Zahabu, amebeba begani fremu yenye uma wake wa mbele, ule unaoshika gurudumu, lakini haina magurudumu wala kiti. Aliikuta kwa muuza mkaa, imepakwa rangi juu ya rangi mpaka imevimba. Marehemu baba yake, Kaniki, alikuwa mkimbiaji wa baiskeli hodari, na baiskeli yake iliuzwa wakati wa ugonjwa wake, ikapotea mikononi mwa watu. Zahabu alitaka kujua jambo moja tu: je, hii ndiyo?

Hoza aliinyanyua kwa vidole viwili, akashangaa wepesi wake. Akaigonga kwa spana, ikalia sauti nyembamba ya kengele, wala si ule mlio mzito wa baiskeli za kubebea maziwa. Hii ni ya mashindano, akamwambia, mabomba yake ya chuma ni membamba kama ganda la yai, zilizobaki ni chache. Akakwangua rangi kwa wembe: nyeusi, kisha nyekundu, kisha buluu, na chini kabisa kijani. Zahabu akasema ya baba ilikuwa kijani. Hoza akatikisa kichwa. Za kijani zilikuwa nyingi.

Ila Hoza alijua desturi ya wakimbiaji wa zamani. Walipofungua baiskeli zao ili zisafirishwe kwa treni, kila mmoja alikwaruza alama yake kwenye shina la uma, lile bomba linaloingia ndani ya fremu chini ya usukani, ili vyuma visichanganyike. Basi akamtuma binti kwa mama yake akaulize alama ya Kaniki. Binti akarudi anahema: jembe. Hoza akachomoa uma, akafuta grisi ya miaka na miaka, na hapo chini kabisa ya shina pakaonekana jembe dogo, limekwaruzwa kwa ncha ya tupa. Zahabu alilia pale pale, ameukumbatia ule uma, na Hoza naye akajifanya vumbi limemwingia machoni. Jioni ile Soni nzima ilijua kwamba Fundi Hoza ameitambua baiskeli ya Kaniki.

Sasa sikilizeni mkosi. Kesho yake, akiusugua uma peke yake, Hoza aliona mpini wa lile jembe umekuwa mrefu, unalizunguka shina karibu nusu. Akapitisha ukucha, ukucha ukanasa.  Mkwaruzo haunasi ukucha namna ile, ufa ndio unaonasa. Pale Kaniki alipoweka alama yake ndipo chuma kilipochokea.

Angefanya nini? Uma wa baiskeli za kawaida haukuingia kwenye fremu ile, alijaribu nyuma ya banda mpaka jasho likamtoka. Na kuutupa uma wa Kaniki ilikuwa kumtupa Kaniki mwenyewe, kwa maana jembe ndilo lililoitambulisha baiskeli. Na sifa nazo, tusidanganyane, alizipenda. Akajiambia ni mpini tu, mzee alipenda mpini mrefu. Akachukua brashi akapaka rangi ya kijani hata pale pasipoonekana na mtu, akasema moyoni ni ya kuzuia kutu. Kisha akaurudisha uma mahali pake, akakaza, akatia na magurudumu na kiti.

Tangu hapo hakupata raha. Ugali ukawa mchanga mdomoni. Baiskeli ilipotundikwa mbele ya banda, inang'aa, watu wakapita wakiisifu, yeye alikuwa akigeuza uso. Zahabu alikuwa amejiandikisha kwenye mashindano ya Jumamosi, ateremke na baiskeli ya baba yake. Hoza akamsihi aende polepole kwenye kona. Binti akacheka, akamuuliza ni mashindano gani hayo ya polepole. Fundi akainama kukaza nati iliyokwisha kukazwa.

Jumamosi asubuhi watu walijaa kandokando ya barabara. Mama yake Zahabu alishuka kutoka kijijini kwao mlimani, mjane mnene, mtaratibu, macho yake yameanza kuingia ukungu. Hakuwa amelala, na hakuficha. Alimpita binti yake, akaenda moja kwa moja kwa fundi, akamshika mkono.

"Fundi, mimi baiskeli sizijui," akasema. "Najua jikoni tu, na jikoni aliyepika huonja kabla ya wageni. Huyu sina mwingine. Wewe ndiye uliyeipaka rangi. Teremka nayo wewe kwanza, mpaka kona ya tatu, kisha urudi. Ukirudi, nami nitakaa kimya."

Watu wakashangilia, wakidhani ni mchezo. Wakampa Hoza usukani. Akapitisha mguu, akakaa. Mbele yake barabara ilishuka ikapotea nyuma ya mwamba, na chini kule korongo lilikuwa bado limejaa ukungu.  Akaona uma ukikatika kwenye kona ya kwanza, akajiona anaruka hewani. Kisha likamjia wazo baya kuliko hilo: je, usipokatika? Ukinibeba salama mara hii, binti ataamini, na utakatika naye.

Akashuka. Akaishikilia baiskeli isianguke.

"Siteremki," akasema.

Zahabu akamsogelea. "Kwa nini, Fundi?"

"Naogopa."

"Waogopa nini, na umeitengeneza mwenyewe?"

"Jembe la baba yako lina ufa. Niliuona, nikaupaka rangi."

 Hoza akapiga magoti pale pale lamini, akafungua, akachomoa uma, akakwangua kijani chake mwenyewe kwa wembe. Mama akaomba apewe aguse. Akapitisha kidole taratibu juu ya jembe, kikaenda, kikaendelea kwenda. Akasema mpini wa mumewe haukufika huku. Kisha Zahabu akaushika uma kwa zile ncha zake mbili za kushikia gurudumu, akaliegemeza shina kwenye jiwe la kandokando ya barabara na kulikandamiza kwa uzito wake. Likakatika kama muhogo mkavu. Wala hakutumia nguvu nyingi.

Akabaki ameshika kipande, anautazama mteremko.

"Mama yangu asingekuja leo," akamuuliza fundi, "ungeniacha niende?"

 Hoza alitaka kusema hapana, ikamshinda, maana alijua angemwacha.

Tangu siku ile, Soni haikuchukua tena baiskeli kwa fundi kabla fundi hajateremka nayo. Hoza aliteremka na kila moja mpaka uzee ulipomkataza, na zile alizoziogopa alizirudisha kwa wenyewe akisema wazi, hii naiogopa. Watu walizidi kumpelekea.

Basi mkiisikia tena msidhani twamtakia fundi avunjike shingo. Mama yake Zahabu hakutaka Hoza afe. Alitaka kumtazama usoni anapopanda, na alichokiona usoni ndicho kilichombakizia mwanawe. Ndiyo maana twasema: aliyepaka rangi ateremke kwanza.