Balozi Alivyotupa Uhuru

Mwaka ule wilaya ya Kisarika ilipoadhimisha siku ya Uhuru, maturubai yaliletwa na balozi wa nchi iliyotutawala, naye alikuwa ameahidi kutujengea zahanati. Asubuhi alimwita Bi Nyamizi, mshereheshaji wetu, mbele ya mkuu wa wilaya.

"Bendera yetu ipande kwanza, mlingoti wa kati, na kamba nitaishika mwenyewe," alisema. "Uhuru tuliwapa sisi. La sivyo, zahanati isahauni."

Bi Nyamizi aliinama kwa adabu.

"Mheshimiwa, nitangaze hivyo hivyo, kwamba uhuru mliutoa ninyi?"

"Tangaza kwa sauti."

Akatangaza. Balozi akaipandisha bendera yake hadi juu kabisa huku uwanja mzima ukinung'unika. Wazee wawili waliowahi kufungwa na utawala ule waliinuka waondoke. Balozi akageuka arudi kitini.

"Bado, Mheshimiwa!" Bi Nyamizi alisema kwenye kipaza sauti. "Wananchi wanasubiri uhuru wao."

"Uhuru gani?"

"Huo mnaoutoa ninyi. Siku mliyoutoa mlishusha bendera yenu, ikapanda yetu. Kamba hiyo hapo."

Vigelegele vililipuka. Wapiga picha wakasogea. Balozi akaishusha bendera yake polepole, akaipandisha yetu, jasho likimtiririka.

"Na zahanati je?" mkuu wa wilaya alinong'ona.

"Ametoa nchi nzima mbele ya magazeti," Bi Nyamizi alimjibu. "Zahanati ataikatalia wapi?"