Mwaliko wa Mara Moja

Katika kijiji cha Kafr Zahran, kwenye mashamba ya pamba na mpunga ya Delta ya Mto Nile, mtu mwenye adabu zake hakubali kitu kwa mwito wa kwanza. Ukikaribishwa chai, unasema umeshakunywa, hata kama koo limekauka kama kigae. Mwenyeji anarudia, nawe unaapa kwamba umeshiba. Akikukaribisha mara ya tatu, huku ameshakushika mkono na kukuketisha, ndipo unapokunywa, tena kwa kunung'unika kwamba umelazimishwa. Anayekubali mara ya kwanza huitwa mlafi. Lakini anayekaribisha mara moja kisha akanyamaza ana jina baya zaidi: husemwa kwamba amekaribisha kama mwanamashua. Mtu anayekula mashuani katikati ya mto humpigia kelele aliye ukingoni, "Karibu chakula!", huku akijua fika kwamba yule hawezi kutembea juu ya maji.

Wagdi alinyonya desturi hiyo pamoja na maziwa ya mama yake, Hajja Inshirah. Baba yake, Mutawalli, alikuwa bingwa wa mambo hayo. Mgeni akikataa njiwa waliojazwa mchele, Mutawalli aliapa kwamba mkewe ni talaka ikiwa sahani itarudi jikoni na nyama. Kwa hesabu ya majirani, Hajja Inshirah alinusurika kuachika mara arubaini, na zote kwa sababu ya njiwa.

Wagdi alipotimiza miaka ishirini na minne alihamia jiji la Rotterdam, Ulaya, akawa fundi wa lifti. Mwezi wake wa kwanza, msimamizi wake alimwalika nyumbani na kumtengea supu ya njegere. Wagdi alikataa kwa heshima. Mwenyeji naye, kwa heshima vilevile, akaiondoa sahani. Kijana wa watu alikaa mezani saa mbili akiwatazama wenzake wakila, mate yakimtoka kama mbwa wa mchinjaji, akisubiri mwito wa pili ambao haukuja. Tangu siku hiyo alijifunza. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Wagdi hakulifumba, alilitoboa kabisa.

Baada ya miaka kumi na minane hakuna aliyemshinda kwa unyoofu wa maneno. Ndiyo yake ilikuwa ndiyo, na hapana yake hapana. Aliwacheka Wamisri wenzake waliokutana kwenye duka la Mzee Bishara, mkongwe aliyeuza maharagwe ya kupondwa na mikate ya kwao. "Nyinyi mnapoteza nusu ya siku mkivutana nani atangulie mlangoni," aliwaambia. "Watu wa huku wanasema wanachotaka, maisha yanaenda." Mzee Bishara alikuwa akimwita kwa kejeli Bwana Mhandisi, akimzidishia maharagwe bila kumwuliza.

Kisha Mutawalli akafariki dunia. Hajja Inshirah akabaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne, na bata wake kumi na mmoja. Binti yake Rawya alikuwa ameolewa kijijini humo humo, vichochoro viwili mbele, lakini alikuwa na watoto wadogo na mama mkwe mgonjwa. Wagdi alimpenda mama yake, hilo lisitiliwe shaka. Aliamua kumleta Rotterdam amalizie uzee wake mikononi mwake. Alipaka rangi chumba cha nyuma na kununua kitanda kifupi asipate taabu kupanda. Mkewe, Annelies, mwanamke mpole mzaliwa wa huko, alijifunza kupika mlenda kwa kitunguu saumu mpaka majirani wakafunga madirisha. Kila kitu kilipokuwa tayari, Ijumaa moja mchana, Wagdi akapiga simu.

"Mama, njoo ukae nasi. Chumba chako kiko tayari."

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Niende wapi na uzee huu? Nitawabana bure. Na bata wangu hawa nani atawaangalia?"

Wagdi aliumia. Hakutarajia kwamba angeshindwa na bata. Akajibu kwa unyoofu aliojivunia.

"Sawa, mama. Kama ndivyo unavyopenda, sitakulazimisha."

Upande wa pili kuku wa jirani walisikika, na mlango ukafungwa mahali fulani.

"Huko kwenu kuna mvua?" Hajja aliuliza mwishowe.

"Ipo, mama."

"Basi ujifunike vizuri."

Annelies alimsubiri sebuleni. "Amekataa kweli?"

"Amekataa."

"Basi tuheshimu matakwa yake," alisema yule mwanamke, na macho yakamlenga machozi, maana mlenda ule alikuwa ameuhangaikia. Mwezi uliofuata waliingiza meza ya kazi katika chumba cha nyuma.

Wagdi hakuacha kupiga simu. Kila Ijumaa alimjulia mama yake hali, na kila Ijumaa mama alikuwa na habari za kijiji. Siku moja alileta habari ya jirani yake.

"Unamkumbuka Umm Galal? Mwanawe kaja kutoka Kuwait, kamchukua. Mama wa watu kalia, kakataa, kashika mlango kwa mikono miwili. Mkorofi yule! Kambeba kama gunia la mpunga mpaka garini."

"Amemkosea sana, mama. Mtu mzima akisema hapana, ni hapana."

"Ehe," alisema Hajja Inshirah. "Na sasa nasikia ananenepa tu huko." Akangoja kidogo. "Na huyo mwanawe, wanasema mwito wa kwanza alikataliwa. Wa pili pia."

"Watu wengine hawasikii," alisema Wagdi.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mazungumzo ya Hajja yakaanza kufupika. Aliuliza kuhusu mvua, akajibiwa, akauliza tena. Katika mwaka wa nne, Rawya mwenyewe alimpigia kaka yake.

"Kaka, mama anatupotea. Jana kachukua ndoo kwenda kuteka maji kwenye kile kisima kilichofukiwa tukiwa wadogo. Leo asubuhi kaniuliza mimi ni mke wa nani."

Wagdi alitoka kazini akiwa na nguo zenye grisi, akaenda moja kwa moja dukani kwa Mzee Bishara, kwa kuwa hakujua pengine pa kuupeleka moyo wake. Alimweleza yote. Mzee alikuwa akiponda maharagwe, akasimamisha mwiko.

"Ulimwalika mara ngapi?"

"Mara moja. Alikataa."

"Alisema hataki?"

"Alisema atatubana. Alisema habari za bata."

Safari hii Mzee Bishara hakumwita mhandisi. "Mwanangu, mama yako alikubali siku ile ile. Alikutajia bata ili wewe useme bata watatunzwa na Rawya. Alikwambia atawabana ili uape kwamba nyumba bila yeye ni jangwa. Alikufungulia milango miwili, wewe ukaifunga kwa adabu."

"Si angesema tu kwamba anataka kuja?"

"Aombe? Kwa mtoto aliyemzaa?" Mzee alirudisha mwiko sufuriani. "Sisi tunaokaa huku tuna ndimi mbili, ya huku na ya kule. Wewe umebaki na moja, na si ile ya mama yako."

Wagdi aliomba likizo. Akapewa siku nane, akapanda ndege.

Rawya alimpokea kwenye kichochoro, akamkumbatia bila kusema neno, kisha akampitisha kwanza chumbani kwa mama na kufungua kabati. Ndani mlikuwa na begi la kahawia lililofungwa kwa kamba. Wagdi alilifungua. Alikuta jozi sita za soksi nzito za sufu zilizofumwa kwa mkono, mfuko wa mlenda mkavu, na picha ya baba yake iliyoviringishwa ndani ya kitambaa cha kichwa.

"Alilifunga wiki ile ile uliyomwalika," alisema Rawya. "Bata aligawa wote. Aliniambia, 'Kaka yako ataniuliza tena Ijumaa.' Ijumaa ikapita. Akasema ni kazi nyingi, utamwuliza ijayo. Mwaka mzima, kaka, kila Alhamisi alioga na kupaka hina."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema mwaliko wa kuombwa si mwaliko. Nami nilidhani..." Rawya alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nilidhani umemwalika kama mwanamashua. Nimekuchukia miaka minne, Mungu anisamehe."

Hajja Inshirah alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, mdogo kuliko Wagdi alivyomkumbuka, uso umetulia na nguo safi. Alipomwona mtu mzima amesimama mlangoni alijitengeneza mtandio haraka, kama mwanamke aliyefikiwa na wageni.

"Karibu, bwana. Umetoka mbali? Rawya, mletee mgeni chai. Karibu chai, bwana."

Wagdi hakuwa na akili ya lolote. Rawya aliposogeza glasi, aliipokea kwa mikono miwili akanywa.

Hajja alimtazama akinywa, kisha akamwinamia binti yake. "Mgeni wa watu. Huyu si wa huku."

"Mama, ni mimi. Ni Wagdi."

"Wagdi wangu ana adabu zake," alisema bibi yule bila hasira. "Hapokei chai kwa mwito wa kwanza."

Wagdi aliweka glasi chini. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akasema kile alichokitungia maneno njia nzima.

"Nimekuja kukuchukua. Twende ukaishi nasi."

"Mungu akuhifadhi, mwanangu. Usijisumbue."

Hapo moyo wa Wagdi uliruka kwa furaha, maana neno lile alilitambua. Ilikuwa hapana ya kwanza, hapana tamu ya kwao. Akamshika mkono, akayatoa maneno aliyopaswa kuyasema miaka minne iliyopita. "Wallahi utakuja. Nyumba bila wewe ni jangwa. Bata Rawya atawatunza."

"Nyinyi ni watu wema sana. Lakini hapana."

Zilikuwa mbili. Wagdi akapiga moyo konde, akaapa kama alivyoapa marehemu baba yake, kwamba mkewe ni talaka ikiwa Hajja Inshirah hatatoka naye kwenye ua ule. Rawya akaziba mdomo kwa kiganja. Hajja alicheka kicheko cha msichana.

"Umenikumbusha marehemu." Kisha akamvuta karibu, akamnong'oneza kama mtu anayemwomba mwenziwe asimwelewe vibaya. "Nisamehe, bwana. Siwezi kwenda na mtu mwingine. Mwanangu yuko Ulaya. Ameshanialika mara moja. Zimebaki mbili."

Siku iliyofuata Wagdi alijaribu kumwongoza kwa upole hadi kwenye gari. Hajja Inshirah alishika mlango kwa mikono miwili, akalia kwa sauti kwamba anaibwa, mpaka majirani wakatoka. Wagdi alimwachia. Alikuwa amejifunza tena lugha ya kwao, lakini mara hii hapana ilikuwa hapana.

Siku nane zikaisha. Lifti za Rotterdam haziwangoji wafiwa, sembuse yeye ambaye hajafiwa. Kila Ijumaa hupiga simu, na Rawya humwekea mama simu sikioni. Wagdi humwalika mara ya kwanza, akamwalika ya pili, akamwalika ya tatu, akiapa na kubembeleza, na bibi kizee wa upande wa pili humshukuru kwa adabu na kumwambia asihangaike, mwanawe atamwita. Kisha kengele ya zamu hulia, naye hukata simu na kuokota vifaa vyake, kwa kuwa anaowatumikia hawamwiti kazini mara mbili. Hakika mwacha mila ni mtumwa.